Kujuana Si Hati

Kuna ushauri mmoja unaotolewa madikoni na mialoni, kutoka Lamu hadi Mtwara na kupanda mpaka Ziwa Viktoria, nao hutolewa kwa sauti ya mtu anayekutakia heri: ukinunua chombo kilichokwisha tumika, usijihangaishe na karatasi. Kagua mbao, sikiliza mashine, ita mashahidi wawili, hesabu pesa, peaneni mikono, shusha chombo majini. Mzee anayeuza humwambia kijana anayenunua, "Mwanangu, mashua hii pwani nzima wanaijua. Nani atakuja kukuuliza?" Kijana hujibu, "Nimekuelewa, mzee wangu," na biashara imekwisha.

Naupinga ushauri huo wote. Ni miongoni mwa ushauri ghali kuliko wote anaopewa mtu maskini, kwa sababu siku ya kununua haugharimu hata senti, kisha hudai malipo miaka baadaye, wakati mnunuzi hana tena nguvu ya kulipa. Na mara nyingi anayekuja kulipa si yeye aliyeshauriwa. Ni mjane wake, ni mshirika wake, ni mtoto aliyeachiwa chombo asichoweza kuthibitisha kuwa ni chake.

Niueleze kwanza kama wenyewe wanavyoueleza, maana hawa si wajinga. Wengi wao ni manahodha waliozeekea baharini. Wanasema: sisi twajuana, na kujuana ni ushahidi tosha. Wanasema mababu waliuziana majahazi bila ofisi. Wanasema karatasi ni njia ya serikali kukufikia na kukutoza. Wanasema aliye na chombo mkononi ndiye mwenyewe. Wanasema karatasi haijawahi kuzuia chombo kuzama. Na walio waangalifu zaidi husema: tukiandikiana kwa mwenyekiti au kwa sheha, hiyo yatosha. Hoja sita, na kila moja ina chembe ya ukweli. Nitazijibu moja baada ya nyingine.

1. "Sisi twajuana"

Mnajuana wapi? Chombo cha uvuvi hakikai mahali pamoja. Wavuvi wa Kojani, Pemba, wanajulikana pwani nzima kwa kwenda dago: hufuata samaki na misimu, wakapiga kambi Tanga, Mafia, Kilwa, hata upande wa Kenya. Mashua iliyouzwa mbele ya kijiji kizima Pemba, baada ya miezi michache iko kwenye diko ambako hakuna anayemjua muuzaji wala mashahidi. Boti ya doria ikikusimamisha hapo, utamwita nani? Mashahidi wako wako ng'ambo ya bahari, na mmoja huenda naye yuko dago kwingine.

Isitoshe, mashahidi hufa, na mashua ya mbao iliyotunzwa, ikapigwa kalafati na deheni kwa wakati wake, huishi kuliko wengi wao. Chombo kimoja huweza kupita mikono mitatu, minne. Kila mkono unapobadilika bila maandishi, ushahidi hupungua, mpaka anabaki mtu mmoja anayekumbuka, naye anakumbuka nusu.

Tena ni vyombo vingapi hulipwa fedha yote siku hiyo hiyo? Wengi hununua kwa mafungu: nusu sasa, nusu msimu ukiisha. Hapo ndipo kujuana kunaposhindwa kabisa. Muuzaji akifariki kabla ya fungu la mwisho, warithi wake huja diko wakisema chombo ni cha baba yao. Shahidi akiulizwa husema kweli tupu: "Alilipa, nililiona fungu la kwanza. Kama alimaliza, sijui." Hakusema uongo, lakini maneno hayo yanatosha kumpokonya mtu chombo.

Wengi wetu wa pwani ni Waislamu, na hapa baadhi ya wazee hunukuu dini kutetea mazoea. Waisome vizuri. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu jambo hili hili: inaagiza deni la muda liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, na mashahidi wawepo. Ni kweli inaruhusu biashara ya mkono kwa mkono isiandikwe, na ruhusa hiyo ndiyo wanayoishika. Lakini chombo kinacholipwa kwa mafungu ni deni, na deni limeamrishwa kuandikwa. Anayetetea kutoandika kwa jina la dini anashika ruhusa isiyomhusu na kuiacha amri inayomhusu.

2. "Mababu hawakuwa na karatasi"

Hii ni historia ya kuambiwa tu. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba wa kupiga vita biashara ya watumwa, na Zanzibar ilikuwa miongoni mwa waliotia saini. Mkataba ule ulivitaka vyombo vya wenyeji katika bahari yetu viwe na kibali cha kupandisha bendera, orodha ya mabaharia na orodha ya abiria, na kibali kifanywe upya kila mwaka. Mwenye chombo alitakiwa awe raia wa dola yenye bendera hiyo au aliye chini ya ulinzi wake, awe na mali au dhamana, na awe na sifa njema. Ofisi ya kimataifa ya kukusanya nyaraka hizo iliwekwa hapa hapa Zanzibar.

Mwaka 1905 majahazi ya Sur, Omani, yale yaliyokuwa yakija kwetu kwa kaskazi, yalikuwa chanzo cha shauri kati ya Ufaransa na Uingereza mbele ya mahakama ya usuluhishi ya The Hague. Ufaransa ilikuwa imewapa baadhi ya wenye majahazi, raia wa Sultani wa Maskati, hati na bendera yake. Katika hukumu ya Agosti mwaka huo waamuzi walisema, pamoja na mengine, kwamba ruhusa ya kupandisha bendera ile haiwezi kuhamishwa kwa mtu mwingine wala kwa jahazi jingine, hata likiwa la mwenye hati yule yule.

Sisemi hati zile ziliwekwa kwa faida ya nahodha. Ziliwekwa kwa faida ya watawala. Nasema kwamba bahari ya mababu wanaotajwa kila siku haikuwa bahari isiyo na karatasi, na kwamba kosa la leo ni la zamani: mtu hununua mashua pamoja na leseni ya mwenye mashua wa kwanza, kisha akaendelea kuvua chini ya jina lisilo lake. Zaidi ya miaka 100 iliyopita waamuzi walikwisha kusema kwamba karatasi ya fulani haigeuki yako kwa sababu umenunua mbao zake.

Na mababu hao hao ndio waliotuachia methali hii: mali bila daftari hupotea bila habari. Waliijua hasara hiyo.

3. "Karatasi ni mtego wa kukutoza"

Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote, na sitaidharau. Tanzania Bara, chombo cha uvuvi husajiliwa na kupewa leseni chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na mambo ya usalama wa vyombo yako chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC). Zanzibar ina Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2010 na Mamlaka yake ya Usafiri Baharini. Uvuvi si jambo la Muungano, kwa hiyo anayenunua mashua Pemba akaipeleka Tanga anatoka katika sheria moja na kuingia katika nyingine ndani ya nchi moja. Kenya kuna Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016, na Mamlaka ya Usafiri wa Majini ya Kenya. Mvuvi anayehesabu nauli, siku ya kazi iliyopotea na afisa asiyemkuta ofisini ana haki ya kukasirika. Hasira hiyo naiunga mkono.

Ninachokataa ni mwisho wa hoja. Chombo kisicho na karatasi hakikwepi malipo. Ushuru wa samaki hutozwa diko samaki wanaposhushwa, na mtoza ushuru hamuulizi mtu kama mashua imesajiliwa. Doria ikikukamata, faini iko pale pale. Na asiye na hati hulipa hata kisichodaiwa na sheria: kidogo hapa apite, kidogo pale aachiwe mashine yake, na vyote bila risiti. Mtu wa namna hiyo hawezi kubisha, kwa sababu akibisha ataulizwa karatasi. Mwenye hati hulipa kinachojulikana na akadai stakabadhi. Asiye nayo hulipa anachotajiwa, kila anapotajiwa, bila mwisho.

Tazama pia jinsi washauri hawa wanavyojipinga wenyewe. Mzee huyo huyo hanunui pikipiki bila kadi. Hanunui kiwanja bila maandishi ya serikali ya kijiji. Pikipiki, ambayo bei yake mara nyingi ni ndogo kuliko ya boti na mashine yake, anaidai kadi na kuihifadhi sandukuni. Akifika kwenye mali kubwa kuliko zote alizowahi kununua, mali inayolisha nyumba kadhaa, anaambiwa kuaminiana kunatosha. Kama kadi ya pikipiki si mtego, hati ya mashua imekuwaje mtego?

4. "Aliye nacho ndiye mwenyewe"

Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214 kwa Tanzania Bara na Sura ya 31 kwa Kenya, ina kanuni hii: asiye na haki ya umiliki hawezi kumpa mwingine haki hiyo. Ikitokea umenunua mali ya wizi kwa pesa yako halali, kwa nia njema, mbele ya mashahidi kumi, bado kwa kawaida mwenyewe akijitokeza mali ni yake. Wewe unabaki na haki ya kumdai aliyekuuzia, kama utampata.

Hatari hii ni kubwa zaidi kwa mashine ya kupachika. Mashine hufunguliwa usiku kwa dakika chache, hubebwa begani, huuzwa mwalo mwingine. Wavuvi wa Ziwa Viktoria wanaujua wizi huu vizuri kuliko mtu yeyote. Kila mashine ina namba yake kiwandani, na namba hiyo ndiyo inayoitofautisha na nyingine elfu za rangi ile ile na nguvu zile zile. Hata hivyo mnunuzi huikagua propela, huivuta kamba mara mbili tatu, husikiliza mlio, kisha hulipa bila kusoma namba hata mara moja. Na ikiwa bamba la namba limekwanguliwa, huambiwa ni chumvi ya bahari. Chumvi haichagui kula namba peke yake.

Muuzaji naye asidhani yuko salama. Kama chombo kilisajiliwa kwa jina lako na hukulihamisha, wewe bado ndiwe mwenye chombo katika daftari. Siku mashua hiyo ikikutwa na baruti za kuvulia, au na mzigo wa magendo, au na wahamiaji wasio na vibali, namba iliyo ubavuni itawaleta askari mlangoni kwako. Utaeleza kwamba uliuza. Wataomba maandishi. Hapo utatambua kwamba karatasi uliyomnyima mnunuzi ndiyo iliyokuwa ikuokoe wewe.

5. "Karatasi haizuii chombo kuzama"

Ni kweli, na mfano wake tunao. MV Skagit iliundwa mwaka 1989 kwa ajili ya huduma ya feri ya jimbo la Washington, Marekani. Iliuzwa ikiwa imetumika mwaka 2011, ikaletwa kwetu, na tarehe 18 Julai 2012 ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikiwa safarini kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Chombo kile kilikuwa na historia iliyoandikwa, na watu walikufa. Anayesema karatasi haiogelei anasema kweli.

Lakini nani alidai kwamba inaogelea? Kazi ya hati ni kujibu maswali ambayo maji hayawezi kujibu: chombo ni cha nani, kilitoka wapi, kiliundiwa maji gani, nani alikikagua, nani anawajibika. Kwa sababu kumbukumbu za Skagit zilikuwepo, umma uliweza kuuliza maswali hayo na kujua umri wa chombo na kilikotoka. Mashua isiyo na hati ikipotea kati ya Nungwi na Tanga, hakuna hata swali linaloweza kuulizwa. Mabaharia walikuwa wangapi? Tajiri wa chombo nani? Wajane wamdai nani? Kijiji kitalia, kisha kitanyamaza, na mashua ya namna hiyo hiyo itashushwa majini wiki ijayo.

Kuna jambo jingine wanaloliruka. Uhamishaji ukifanywa inavyostahili, chombo hupandishwa, hupimwa na kutazamwa na mtu asiyekiuza wala asiyekipenda. Atagonga taruma, atachungulia mkuku, atauliza maboya yako wapi. Mnunuzi aliyekwisha kupenda mashua haoni ufa uliofunikwa kwa rangi mpya. Kwa chombo kilichotumika, ukaguzi huo una thamani kuliko hata muhuri.

6. "Ya mwenyekiti inatosha"

Nimeziona karatasi hizi. Nyingi ni nusu ukurasa wa daftari la shule, umekunjwa mara nne, wino umelowa. Imeandikwa: mimi fulani nimemuuzia fulani mashua moja na mashine yake kwa hiari yangu, sidai. Chini kuna saini mbili, dole gumba, na muhuri wa kijiji uliofifia. Urefu wa mashua haumo. Namba ya usajili haimo. Namba ya mashine haimo. Haikuandikwa kama nyavu na nanga zimo katika bei. Neno "sidai" limeandikwa, na huku nusu ya pesa bado haijalipwa.

Karatasi hiyo ni bora kuliko hakuna, na mwenyekiti au sheha aliyeisaini alifanya wema. Ila ni ushahidi kwamba watu wawili walikubaliana. Haibadilishi jina katika daftari la usajili, na mpaka jina libadilike, chombo kina wenyewe wawili: mmoja pwani, mmoja ofisini.

Iandikwe basi kama hati ya watu wazima. Aina ya chombo, urefu kutoka tezi hadi omo, mbao au faiba, rangi, namba ya ubavuni. Mashine: jina la kiwanda, nguvu zake, namba yake, iliyosomwa kwa macho na kunakiliwa papo hapo. Bei kwa tarakimu na kwa maneno, kilicholipwa, kilichobaki, tarehe ya kumaliza. Vifaa vinavyokwenda na chombo. Namba za vitambulisho. Saini za washirika wote wa muuzaji, kwa maana mashua nyingi zina wenyewe zaidi ya mmoja na mwenye fungu moja hawezi kuuza mafungu yote. Kisha fungu la mwisho la pesa lisitoke mkononi mpaka muuzaji na mnunuzi wamefika pamoja kwa afisa uvuvi, hati ya zamani imerudishwa, na jina jipya limeandikwa.

7. Hasara wasiyoitaja

Nimejibu hoja zao. Nataja sasa wanachokiacha nje kila wanaposhauri.

Wanawaacha wanawake. Chombo kingi "cha mume" kimenunuliwa kwa pesa ya upatu, ya kikoba, au ya dhahabu iliyouzwa. Mwanamke aliyetoa nusu ya bei hana jina popote. Talaka ikija, au kifo, mashahidi ni wanaume wa diko waliomwona mumewe akihesabu noti. Kujuana kule kule kunakosifiwa hakumjui yeye.

Wanaiacha mikopo. Kenya, kwa mfano, tangu mwaka 2017 ina sheria inayoruhusu mali inayohamishika kuwekwa dhamana ya mkopo. Mashua ni mali ya namna hiyo, ila mwenye nayo lazima aonyeshe kuwa ni yake. Asiye na hati anabaki kwa mchuuzi anayemkopesha mafuta na barafu, na kumlipa kwa samaki walionunuliwa chini ya bei ya soko.

Wanaiacha fidia. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 za Kenya kwa madhara ya ujenzi wa bandari mpya. Pwani yetu inachimbwa na kujengwa kila upande, na siku za namna hiyo zitakuja tena. Zikija, swali la kwanza mezani litakuwa: nani mvuvi, na chombo hiki cha nani? Majibu ya "pwani nzima wananijua" hayajazwi kwenye fomu.

Kwa hiyo madai yawe mawili, na yaende pamoja. Kwa ofisi: uhamishaji wa umiliki ufanyike diko, kwa siku moja, mbele ya afisa uvuvi na viongozi wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, au kamati ya wavuvi, kwa ada moja iliyobandikwa ukutani, na daftari la Pemba lisomeke Tanga. Serikali inayotaka vyombo visajiliwe ina wajibu wa kuufuata mlango wa mvuvi, na mpaka ifanye hivyo lawama ni yake. Kwa mnunuzi: usingoje ofisi itengenezeke ndipo uanze kujilinda. Andika leo, soma namba, fika na muuzaji ofisini, shika stakabadhi.

Na atakayekwambia kwamba yote hayo ni usumbufu, mwombe jambo moja kabla hujalipa. Atie saini yake, mbele ya watu, kwamba chombo kikidaiwa na mwingine yeye ndiye atakayekurudishia pesa. Akikubali, una mdhamini. Akikataa, amekwisha kukwambia mwenyewe thamani ya ushauri wake.